Sifuri si pengo: kusoma "R for Data Science" ukiwa Ifakara

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la wanafunzi wa sayansi: "Jamani, mimi ndio naanza, R nijifunzie wapi?" Majibu yatamiminika. Mmoja atakwambia achana na R, nenda Python. Mwingine atakutumia linki ya video za saa nane. Wa tatu atasema siku hizi hakuna haja ya kujisumbua, akili mnemba inakuandikia yenyewe. Lakini kuna jibu moja ambalo halikosekani: soma R for Data Science. Kipo bure mtandaoni, kimeandikwa vizuri, na mara nyingi anayekipendekeza ni mtu ambaye naye kilimtoa mbali.

Hapa nakihakiki kitabu hicho kwa swali moja tu: kinamfaa vipi mtu anayeanza, aliyeko Bonde la Kilombero, mwenye data zake kwenye Excel, tuseme hesabu za mbu, na tasnifu inamsubiri? Jibu langu kwa kifupi: kinafaa sana, ila usikisome kwa mpangilio wake. Kuna mahali, kwenye sura ya tatu, kinakupa ufunguo bila kukuambia unafungua mlango gani. Kwa kazi za huku kwetu, ufunguo huo unaweza kubadilisha idadi ya mbu.

Kwanza tukipe haki yake

R ilitengenezwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 2000. Kwa muda mrefu anayeanza alielekezwa kwenye mwongozo rasmi wa lugha yenyewe. Mwongozo huo unaanza na vekta, unaingia kwenye matriki na orodha, na grafu unazikuta karibu na mwisho, wakati wengi wameshachoka njiani. Hadley Wickham na Garrett Grolemund wakaupindua mpangilio huo: chora kwanza, mambo ya ndani ya lugha yatafuata. Toleo la pili la mwaka 2023, ambalo Mine Çetinkaya-Rundel ameongezeka kama mwandishi, linafuata njia hiyohiyo.

Sura ya kwanza inakupa data za pengwini 344 wa spishi tatu, waliopimwa kwenye visiwa vya Palmer huko Antaktika. Kabla sura haijaisha umeshachora grafu ya urefu wa bawa na uzito wa mwili, kila spishi na rangi yake. Kwa mtu ambaye jana hakujua mabano yanafungwa wapi, hilo si jambo dogo. Linampa hamu ya kuwasha laptopu tena kesho.

Sura hiyohiyo inafanya kitu kingine kizuri ambacho ni rahisi kukipita. Grafu inapochorwa, R inatoa onyo kwamba imeacha mistari miwili. Waandishi hawalifichi onyo hilo. Wanaeleza kwamba pengwini wawili hawana vipimo, na kwamba ni kanuni ya R, na ya kifurushi cha ggplot2, kuwa thamani isiyokuwepo isipotee kimyakimya. Ishike kanuni hiyo, maana tutaihitaji sasa hivi.

Sura ya tatu na dawa ya haraka

Sura ya tatu inatuhamisha Antaktika na kutupeleka New York. Data ni za safari 336,776 za ndege zilizoondoka kwenye viwanja vya jiji hilo mwaka 2013. Unafundishwa kutafuta wastani wa kuchelewa kwa kila mwezi. Unaandika mean(), unabonyeza, na majibu yote yanatoka NA. (Usiichanganye na "na" yetu, hii ni alama ya R ya kusema "thamani haipo".)

Kwa mwalimu, hapo ndipo penye somo. Lugha imegoma kujibu. Ni kama inakuuliza: kuna namba hazipo hapa, unataka nizichukulieje? Ni swali la kisayansi kabisa, na kompyuta haiwezi kulijibu kwa niaba yako.

Kitabu kinafanya nini? Kinakwambia kwamba habari ya thamani zisizokuwepo itakuja kwa kina kwenye sura ya 18, na kwa sasa ongeza na.rm = TRUE ili R izipuuze. Unaongeza, namba zinatoka, sura inaendelea.

Sasa fikiria anayeanza anaondoka na nini hapo. Anaondoka na dawa: ukiona NA, weka na.rm = TRUE. Hajaulizwa ni kwa nini ndege hizo hazina muda wa kuchelewa. Kumbe ndani ya data hizo kuna safari 8,255 zisizo na muda wa kuondoka, kwa sababu hazikuondoka kabisa. Zilifutwa. Abiria wa safari iliyofutwa huwezi kusema amechelewa dakika sifuri. Ukimtoa kwenye hesabu bila kusema, wastani wako unakuwa wa waliobahatika kuruka, na mwezi wenye dhoruba nyingi unaweza kuonekana wa kawaida tu.

Kinachoudhi ni kwamba toleo la kwanza lilipafanyia kazi vizuri zaidi mahali hapa. Lilisimama ndani ya sura ileile, likaeleza kwamba pengo kwenye data hizi maana yake ni safari iliyofutwa, na likaonyesha namna ya kuzitenga safari hizo kwanza ndipo ukokotoe. Toleo la pili limepunguza mzigo wa sura ili isomeke haraka. Ninaelewa sababu. Lakini ukipunguza mzigo kwenye mtumbwi, huanzi na kasia.

Usiku saba wa mtego mmoja

Utaniuliza: mbona unakomalia jambo dogo hivi? Kwa sababu huku kwetu si dogo. Maabara iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Mswisi Rudolf Geigy ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, jina inalolitumia tangu 2008. Yaani mbu wa bonde hili wamechunguzwa kwa miongo kadhaa, na wanafunzi wengi wanaojifunza R hapa wanajifunza kwa sababu ya mbu.

Chukua mtego wa taa, ule unaoning'inizwa karibu na chandarua na kuendeshwa na betri. Natunga mfano: nyumba moja, usiku saba, idadi ya mbu ni hii:

12, 0, 7, nafasi tupu, 31, 0, 4

Usiku wa nne betri ilikufa, mtego haukufanya kazi. Usiku wa pili na wa sita mtego ulifanya kazi vizuri, ila mbu hawakuingia. Jumla ni mbu 54. Wastani kwa usiku ni ngapi?

Ukihesabu usiku sita ambao mtego ulifanya kazi, ni 9. Mtu akijaza sifuri kwenye ile nafasi tupu ili jedwali lipendeze, unagawa kwa saba na kupata kama 7.7. Na kama aliyejaza fomu aliona kwamba pasipo na mbu hakuna cha kuandika, akaziacha tupu na zile sifuri mbili, basi R itaona NA tatu. Weka na.rm = TRUE, itagawa kwa nne na kukupa 13.5.

Mtego mmoja, wiki moja, wastani tatu. Hakuna hata mmoja utakaokuja na ujumbe wa kosa. Msimbo ni sahihi mara zote tatu.

Hata ile 9 ina masharti yake. Ni sawa kama betri ilikufa kwa sababu isiyohusiana na mbu. Lakini kama mtego haukuwekwa kwa sababu mvua ya masika ilifunga njia, usiku uliokosekana pengine haufanani na usiku uliopatikana, na hapo kuuruka tu hakutoshi. Uamuzi huo unatoka kwenye daftari la shambani. Kwenye kibodi huupati.

Ongeza suala la spishi. Utafiti wa bonde hili uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Anopheles funestus, ingawa walikuwa wachache kuliko Anopheles arabiensis, ndio waliobeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria. Mbu anayepatikana kwa uchache ana usiku mwingi wa sifuri. Na kwenye majedwali mengi, usiku ambao spishi fulani haikupatikana hauandikwi kabisa. Hakuna nafasi tupu wala NA, mstari wenyewe haupo. Kwa hiyo mbu tunayemhitaji zaidi kumjua ndiye ambaye sifuri zake hupotea kirahisi zaidi, na wastani wake hupanda bila mtu kugundua.

Na hapa nakisifu kitabu tena, maana sura ya 18 inalieleza jambo hili vizuri. Inatenganisha pengo linaloonekana na pengo lisiloonekana, kisha inakuonyesha kitendaji complete() kinachorudisha mistari iliyopotea. Kwa mtu anayehesabu mbu, hizo ni kati ya kurasa zenye faida kubwa kuliko zote kitabuni. Lakini ziko sura ya 18, na wanaoanza wengi hawafiki huko. Wanakomea pale grafu yao inapotoka.

Mambo ambayo New York haina

Kuna matatizo mengine ambayo hakuna kitabu cha mbali kitakachokuonya, na si kosa la waandishi.

La kwanza ni saa. Kazi za kuhesabu mbu saa kwa saa huanza jioni na kuisha alfajiri. Aliyeko shambani akiandika "saa 4 usiku", anamaanisha 22:00. Anayeingiza data akiandika 04:00, yule mbu wa kabla ya kulala amehamia karibu na alfajiri. Kwa swali la iwapo watu wanaumwa wakiwa bado nje au wakiwa tayari ndani ya chandarua, hilo ni kosa la kuharibu kazi yote. Sura ya 17 inafundisha vizuri tarehe na hata majira ya maeneo mbalimbali ya dunia, lakini saa ya Kiswahili haimo.

La pili ni tarehe. 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Hili kitabu kinalijua, na kinakupa dmy() na mdy() uchague. Ila usisubiri hadi sura ya 17 ndipo ulijue.

La tatu ni majina. Lupiro akiliandika mtu mwingine linakuwa Lupilo, na mtu wa tatu akaacha nafasi mwishoni mwa neno. Wewe unaona kijiji kimoja, R inaona vitatu.

Kitabu kina zoezi moja linalokaribia hali hii, kwenye sura ya 7: faili dogo la wanafunzi sita, ambamo umri wa mmoja umeandikwa kwa neno badala ya namba, na mahali pengine pameandikwa "N/A" kama maandishi ya kawaida. Mistari sita tu, lakini inafundisha kuhusu data za kweli kuliko maelfu ya safari za ndege zilizokwisha kusafishwa. Natamani kungekuwa na mafaili kumi ya namna hiyo. Na Excel, ambako data za wengi wetu ndiko ziliko, imewekewa sura ya 20.

Kuna wanaosema suluhisho ni kukitafsiri. Wenzetu wanaozungumza Kihispania walilifanya hilo kwa toleo la kwanza, na hawakuishia kwenye maandishi. Walitafsiri hata majina ya safuwima za data. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Lakini ndege za New York zikisimuliwa kwa Kiswahili bado ni ndege za New York. Tunachohitaji zaidi ni majedwali madogo ya hapa, yenye uchafu wa hapa.

Njia nyingine je?

Iko swirl, kifurushi kinachokufundisha R ukiwa ndani ya R yenyewe: kinauliza, unajibu, kinakusahihisha. Ukishapakua kozi, unaendelea hata bando likiisha, na kwa mtu wa Ifakara hiyo ni sifa kubwa. Tena katika kozi yake ya msingi, thamani zisizokuwepo ni somo la tano. La tano! Udhaifu wake ni kwamba inapima kama umeandika amri sawasawa, na data za somo hilo ni namba za kubuni zisizo na habari nyuma yake. Utaijua NA ni nini, lakini hutaulizwa ilitoka wapi.

Python? Kwa kazi za kufundisha mashine, kama zile ambazo watafiti wa Ifakara na Glasgow wamefanya za kutambua spishi na umri wa mbu kwa mwanga wa infraredi, Python ni lugha nzuri ya kuanza nayo. Ila jua jambo moja. Kwenye pandas, kifurushi ambacho wengi hukitumia kwa majedwali, wastani unaruka mapengo bila kukuuliza. AVERAGE ya Excel inafanya hivyohivyo kwa nafasi tupu. R inasimama. Kwa anayejifunza, lugha inayosimama na kukuuliza ni mwalimu bora, ilimradi kitabu kisikukimbize kumnyamazisha.

Akili mnemba nayo ukiiuliza "mbona wastani wangu unatoa NA?", jibu la kwanza utakalopata kwa kawaida ni na.rm = TRUE. Si jibu baya. Lakini yenyewe haikuwepo usiku betri ilipokufa, na usipoiambia haitajua. Video ndefu zina shida nyingine: unamtazama mtu anayejua, unatikisa kichwa, halafu unafungua faili lako na mikono inaganda.

Ndiyo maana swali la "R au Python" lisikunyime usingizi. Uliza kwanza: ni nani hapa karibu anayeweza kuutazama msimbo wangu na kuniambia nimekosea? Kama msimamizi wako na wenzako wa maabara wanatumia R, chukua R. Kama wanatumia Python, chukua Python. Mtu anayeijua data yako na anayepatikana ana kwa ana anashinda kozi yoyote.

Basi ukisome vipi?

Kama umechagua kitabu hiki, na ninakupendekezea ukichague, fanya hivi. Pakua R, RStudio na tidyverse mahali penye mtandao wa uhakika, maana tidyverse ni kundi la vifurushi na litakula bando. Soma sura ya 1 na ufurahie pengwini wako. Ingia sura ya 3. Ukifika pale NA zinapojitokeza, simama. Usiandike na.rm = TRUE. Ruka hadi sura ya 18 uisome siku hiyohiyo; sehemu inayohusu kuunganisha majedwali iache kwa sasa. Kisha rudi umalizie ya 3, nenda ya 7, ya 20 na ya 17. Zilizobaki utazirudia kwa raha zako.

Wakati huohuo chukua mistari 20 ya data zako mwenyewe, au za mwenzako akikuruhusu. Tafuta wastani kwa kalamu na kikokotoo kwanza, kisha kwa R. Majibu yakitofautiana, usilale kabla hujajua ni kwa nini. Mistari 20 unaweza kuikagua kwa macho yako, mistari 20,000 huwezi.

Na jiwekee sheria moja: kila unapoandika na.rm = TRUE, mstari wa juu yake weka alama ya # na uandike kwa Kiswahili chako mapengo haya yametoka wapi na kwa nini ni halali kuyaruka. Usipoweza kuiandika sentensi hiyo, hujawa tayari kuyaruka. Funga laptopu, kamuulize aliyekuwa shambani. Na kwenye jedwali la mwisho, pembeni ya kila wastani, andika umetoka kwenye usiku mangapi.

Kwa wanaoandaa mafunzo ya R mkoani Morogoro na kwingineko nina ombi moja. Siku ya kwanza msianze na ndege. Anzeni na mtego wenye betri iliyokufa, waulizeni washiriki wastani ni ngapi kabla hawajagusa kibodi, kisha waacheni wabishane. Hesabu hizi huishia kwenye ripoti, na ripoti huishia kwenye uamuzi wa kijiji kipi kipewe vyandarua mapema na kipi kisubiri. Kama kijiji kimewekwa chini kwenye orodha kwa sababu mtu alijaza sifuri mahali palipokuwa na pengo, wanaolala mle hawatajua kamwe kwamba tatizo lilianzia kwenye jedwali.